Mistari mitano kwa ukurasa: jinsi ya kuutazama msahafu wa kale wa Uajemi

Maktaba ya Uingereza, jijini London, ina juzuu ya ishirini na tano ya msahafu wa Mosul, iliyoandikwa mwaka 1310. Kila ukurasa una mistari mitano, basi. Herufi ni za dhahabu, zimezungushiwa ukingo mwembamba wa wino mweusi, na sehemu kubwa ya karatasi imeachwa wazi. Juzuu ambayo msahafu wa msikitini leo huimaliza kwa kurasa ishirini, hapa imekuwa kitabu kizima. Vilikuwa vitabu thelathini vya aina hiyo. Aliyeagiza viandikwe ni Öljeitü, mfalme wa Kimongolia aliyeitawala Iran kuanzia 1304 hadi 1316. Babu wa baba yake, Hülegü, ndiye aliyeiteka Baghdad mwaka 1258 na kumuua khalifa.

Picha za kurasa kama hizi husambaa sana mitandaoni, hasa Ramadhani, na maneno yanayoambatana nazo ni yale yale: mashaallah, tazama kufi hii, tazama urembo wa Waajemi. Mashaallah inastahili. Lakini khati hiyo si kufi, na sehemu kubwa ya kinachoitwa urembo ni alama za kazi zilizowekwa kwa ajili ya mtu anayesoma kwa sauti. Ukishajua kila kitu ukurasani kinafanya kazi gani, mistari mitano inaacha kuwa israfu na inaanza kueleweka.

Tuanze kwa kuondoa mkanganyiko wa mipaka na lugha. Msahafu wa Uajemi ni wa Kiarabu, kama misahafu yote. Kiajemi huingia kama tafsiri tu, kwa herufi ndogo chini ya kila mstari wa Kiarabu, mara nyingine zikiwa zimeinamishwa upande ili jicho lisichanganye maneno ya Mungu na maneno ya mfasiri. Desturi hiyo ilipata nguvu zama za Wasamani, ukoo uliotawala Iran ya mashariki na Asia ya Kati, wakati Mansur ibn Nuh, aliyetawala kuanzia 961 hadi 976, alipotaka tafsiri ya Tabari, yaani maelezo yake ya Qur'ani, iandikwe Kiajemi. Aliwauliza kwanza maulamaa wa ng'ambo ya mto Oxus kama jambo hilo linajuzu, nao wakasema linajuzu kwa asiyejua Kiarabu. Kuhusu mipaka, usiifuate ramani ya leo. Baghdad na Mosul ziko Iraq sasa, lakini katika karne tunazozizungumzia mara nyingi zilikuwa chini ya watawala waliokuwa na makao yao Shiraz au Tabriz, na waandishi walihama na kazi zao. Anayetaka kutenganisha khati ya Baghdad na ile ya Uajemi atachoka bure.

Karatasi ilileta nini

Misahafu ya karne za mwanzo iliandikwa juu ya ngozi, kwa umbo la kitabu kilicho kipana kuliko kimo chake, na kwa khati nzito ya mlalo tunayoiita kufi. Nukta za kutofautisha herufi zilikuwa chache, na irabu zilionyeshwa kwa vidoa vyekundu. Aliyeufungua msahafu kama huo alikuwa na Qur'ani kifuani tayari. Ukurasa ulimkumbusha tu.

Karne ya kumi mambo yalibadilika, na yalibadilika kwa nguvu zaidi upande wa mashariki. Karatasi ilikuwa imeenea, na pamoja nayo lilikuwepo tabaka la wanakili wa vitabu, waliokuwa wakiandika elimu za kila aina kwa ujira: sheria, tiba, mashairi, nyota. Watu hawa walikuwa na mwandiko wao, mwembamba na mwepesi, wenye pembe kali, na polepole mwandiko huo ukaingia kwenye misahafu. Msahafu wa zamani zaidi wenye tarehe unaojulikana kuandikwa juu ya karatasi ni wa mwaka 361 Hijria, yaani 971 au 972, kazi ya Ali ibn Shadhan al-Razi. Jina lake linamtaja kuwa mtu wa Rayy, mji uliokuwa karibu na Tehran ya leo. Mwaka 993 ukaandikwa mwingine Isfahan, kwa mwandiko wa jamii hiyo hiyo. Kitabu kikasimama wima, kimo kikawa kikubwa kuliko upana, na irabu zote zikaandikwa kama tunavyozijua sasa. Hapo mtu asiyehifadhi naye aliweza kusoma bila kubahatisha.

Wataalamu hawajakubaliana mwandiko huo wa mpito uitwe nini. Wapo wanaosema kufi ya mashariki, wapo wanaosema kufi iliyovunjika, na wengine wanasema mtindo mpya na kuishia hapo. Mimi naona hili la mwisho lina unyofu zaidi, kwa sababu mwandiko wenyewe haukutokana na kufi ya misahafu, ulitoka kwenye meza za wanakili.

Kufi yenyewe haikufa. Ilihamia kwenye kuta, makaburi na vichwa vya sura. Sisi watu wa pwani tuna ushahidi wake karibu: maandishi ya mawe ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka 500 Hijria (1107), ni kufi ya maua, na wachunguzi wamekuwa wakiilinganisha na mawe ya Siraf, bandari ya Waajemi kwenye Ghuba. Mwaka huo huo, mwandishi wa msahafu Iran asingeandika aya kwa kufi ya namna hiyo. Angeihifadhi kwa ajili ya jina la sura tu, ndani ya kisanduku cha dhahabu juu ya ukurasa, kwa sababu kufi ilishakuwa na heshima ya mambo ya kale na haikuwa tena rahisi kusomeka.

Waziri, mlinzi wa maktaba na mtumwa

Khati ya Öljeitü ina nasaba, na nasaba hiyo hupitia watu watatu.

Wa kwanza ni Ibn Muqla, aliyezaliwa Baghdad mwishoni mwa karne ya tisa, akaanza kazi kama ofisa wa kodi mkoani Fars, kisha akawa waziri wa makhalifa watatu. Siasa zilimkata mkono wa kulia, na mwaka 940 akafa gerezani. Hakuna karatasi iliyobaki ambayo tunaweza kusema bila shaka ni ya mkono wake. Kilichobaki ni kanuni yake, na kanuni yenyewe ni hesabu. Kalamu ya tete ikigandamizwa kwenye karatasi huacha nukta yenye pembe nne. Nukta hiyo ndiyo kipimo. Alifu inakuwa na urefu wa nukta kadhaa, kulingana na aina ya khati. Duara ambalo kipenyo chake ni alifu hiyo ndilo linalopima mapindo ya herufi nyingine zote. Ukipanua ncha ya kalamu, ukurasa mzima unapanuka kwa uwiano ule ule. Ndiyo maana msahafu wa kiganjani na msahafu wa kimo cha mtu vinaweza kuwa na sura moja.

Wa pili, Ali ibn Hilal, anajulikana kama Ibn al-Bawwab, mwana wa bawabu. Alifanya kazi Shiraz, kwenye maktaba ya Baha al-Dawla, mtawala wa ukoo wa Buyid. Mwandishi wa wasifu Yaqut al-Hamawi amesimulia kisa chake, na mimi nakipenda kuliko vyote vya fani hii. Ibn al-Bawwab alikuta mle maktabani juzuu moja kwa mkono wa Ibn Muqla, akatafuta, akapata ishirini na tisa zilizotawanyika kati ya vitabu vingine. Moja haikupatikana. Akamwambia mtawala: nitaiandika mimi, na ukishindwa kuitambua utanipa joho la heshima na dinari mia. Akachagua karatasi ya zamani inayofanana, akaandika, akatia nakshi, akaizeesha dhahabu. Kisha akabandua jalada la juzuu mojawapo ya asili, akalivika juzuu yake mpya, na ile ya asili akaitengenezea jalada jipya lililozeeshwa. Mwaka ukapita, mtawala akasahau. Alipokumbushwa aliletewa zote thelathini, akazigeuza moja baada ya moja, asiweze kuonyesha ipi ni ngeni. Dinari hakuzitoa. Ibn al-Bawwab akaomba badala yake karatasi tupu za Kichina zilizokuwa zimelala maktabani, akapewa, akaziandikia kwa miaka.

Kisa hicho kina mengi ndani yake kuliko ucheshi. Kinaonyesha kwamba mkono wa bingwa ulikuwa tayari kitu cha kukusanywa na kuigwa, miaka sitini hivi baada ya kifo cha mwenyewe, na kwamba kumwiga mwalimu mpaka usitambulike kulihesabiwa kuwa kilele cha ufundi. Msahafu wa Ibn al-Bawwab mwenyewe upo hadi leo Dublin, kwenye maktaba ya Chester Beatty, wenye tarehe 391 Hijria, mwaka 1000 au 1001. Ni mdogo, wa kushika mkononi, kwa khati ya naskhi, mistari kumi na mitano kwa ukurasa. Usomaji wake ni mwepesi kiasi kwamba mtoto wa madrasa ya Lamu au Tanga angeweza kuufungua na kuendelea na somo lake. Kurasa za mwanzo zina hesabu: sura 114, aya 6,236.

Wa tatu ni Yaqut al-Musta'simi, mtumwa wa khalifa wa mwisho wa Baghdad. Inasimuliwa kwamba Wamongolia walipoingia mjini alijificha kwenye mnara wa msikiti na kuendelea kufanya mazoezi ya khati juu ya kitambaa, kwa kukosa karatasi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba aliikata ncha ya kalamu mshazari. Mkato huo unaipa kalamu pande mbili: mstari wa kushuka unatoka mnene, wa kupanda unatoka mwembamba, na mikia ya herufi inaishia kwa uchongo mkali kama wa sindano. Yaqut alikufa mwaka 1298. Aliuona utawala wa Wamongolia kwa miaka arobaini na akaendelea kufundisha chini yake. Wanafunzi wake ndio walioandikia watoto wa waliouchoma mji wake.

Kwa jina la Yaqut hutajwa kalamu sita, yaani aina sita za khati, na hapa watu hupotea. Njia rahisi ni kuziweka jozi jozi, kubwa na ndogo yake. Thuluthi ni kubwa na naskhi ndogo yake. Muhakkaki ni kubwa na rihani ndogo yake. Taukii ni kubwa na rikaa ndogo yake. Jozi ya mwisho ni ya barua, hati za serikali na maandishi ya tamati, pale mwandishi anapojitaja jina na mwaka. Thuluthi hupenda vichwa vya habari na kuta, kwa kuwa mapindo yake ni ya kina na herufi zinaweza kupandana. Muhakkaki ndiyo iliyotawala misahafu mikubwa ya karne ya 14. Utaitambua kwa alifu na lamu ndefu zilizosimama wima, na kwa mikia ya chini isiyozama: inapita chinichini kwa mlalo na kuishia kwenye ncha. Hakuna herufi inayomezwa na jirani yake. Hiyo ndiyo khati ya juzuu ya Mosul.

Nastaliki, ile ya kuning'inia ambayo wengi huihusisha na Iran kuliko nyingine zote, hutaikuta hapa. Ilikamilika mwishoni mwa karne ya 14, ikawa khati ya mashairi ya Kiajemi. Msahafu wa nastaliki ni jambo adimu. Ule wa Shah Mahmud Nishapuri wa mwaka 1538, ulioko Topkapi, Istanbul, unatajwa sana kwa sababu ya uadimu huo.

Dhahabu inasema nini

Sasa rudi kwenye ukurasa na uzitazame zile duara za dhahabu kati ya maneno. Kila moja ni kituo cha aya. Pambizoni kuna umbo la tone la maji: aya tano zimepita. Mbele kidogo kuna duara kubwa lenye maandishi ndani: aya kumi. Kuna alama nyingine ya sijida ya kisomo, na nyingine ya mgawanyo wa juzuu. Misahafu hii haikuwa na namba za aya wala namba za kurasa. Msomaji aliyekatizwa na adhana alijua alipoishia kwa kuangalia pambizo. Mtia nakshi akikosea mahali pa duara moja, amepotosha hesabu ya aya, na kwa hiyo ilimpasa kuijua Qur'ani vilevile kama mwandishi. Baadhi walikuwa mtu mmoja: Uthman ibn Husayn al-Warraq, aliyeandika msahafu wa juzuu thelathini katika miaka ya 1070, sehemu zake zikiwa Mashhad, alizifanya kazi zote mbili mwenyewe.

Kinachobaki ni kurasa za mwanzo, zile mbili zinazotazamana zikiwa zimejaa nyota na pembe nyingi bila neno hata moja, au zikiwa na maneno machache. Hizi kweli ni za fahari. Kwenye msahafu wa Baghdad ulioandikwa na Ahmad al-Suhrawardi, mwanafunzi wa Yaqut, kati ya 1301 na 1308, mtia nakshi Muhammad ibn Aybak alichora mafundo ya jiometri ambayo fremu inayakata katikati, kana kwamba yanaendelea nje ya karatasi na sisi tumeonyeshwa kipande tu. Mtia nakshi kuandika jina lake kando ya la mwandishi wa khati halikuwa jambo dogo, na linatuambia hadhi yake ilikuwa imepanda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Karatasi ilipakwa wanga, ikasuguliwa kwa jiwe laini hadi kalamu iteleze bila kukwama. Uzi uliokazwa juu ya ubao uligandamizwa kwenye karatasi ili uache alama za mistari, bila wino. Wino mweusi ulitokana na masizi na gundi ya mgunga. Dhahabu ilipondwa kuwa karatasi nyembamba mno, ikasagwa na asali au gundi, ikaoshwa mpaka unga wake ubaki peke yake, ikachanganywa tena na gundi na kuandikiwa. Ikikauka ilisuguliwa kwa akiki ili ing'ae. Buluu nzuri ilitoka kwenye jiwe la lazuardi la milima ya Badakhshan, Afghanistan ya leo. Kwa msahafu wa Mosul kila herufi ilipitiwa mara mbili: kwanza dhahabu, kisha ukingo mweusi kuizunguka. Juzuu thelathini zilichukua takriban miaka mitano, 1306 hadi 1311.

Kwa nini mfalme alihitaji thelathini

Anayejua khitma ana jibu nusu tayari. Msomo wa khitma kwetu hufanyika kwa kugawana juzuu: kila mtu anachukua yake, na kwa muda wa saa moja au mbili Qur'ani nzima imesomwa na thawabu kuelekezwa kwa marehemu. Misahafu ya Öljeitü ilikuwa ya kazi hiyo hiyo, kwa kiwango cha kifalme. Aliujenga mji wa Sultaniyya, na ndani yake kaburi lenye kuba la kimo cha mita hamsini hivi ambalo limesimama hadi leo. Kaburi la namna hiyo liliwekewa wakfu, na wakfu uliwalipa wasomaji wa kukaa humo wakisoma kwa zamu. Juzuu zilizotenganishwa ziliwawezesha wengi kusoma kwa pamoja, na herufi kubwa ziliwafaa watu walioketi mbele ya marufaa, ndani ya jengo ambamo mwanga ulipungua mapema. Mistari mitano ilikuwa na sababu ya macho kabla ya sababu ya fahari.

Sababu ya fahari ilikuwepo pia. Öljeitü alibatizwa utotoni kwa jina la Nicholas, akapitia Ubudha, akasilimu, na baadaye akahamia Ushia. Ukoo wake ulikuwa umeua khalifa. Mtawala kama huyo alikuwa na haja kubwa ya kuonekana mlinzi wa Kitabu, na sidhani tunamkosea kwa kusema hivyo. Mtu anaweza kuwa na imani na haja kwa wakati mmoja. Aliagiza misahafu zaidi ya mmoja, Baghdad, Mosul na Hamadan. Ule aliouagiza Baghdad ulikuwa na karatasi za sentimita 72 kwa 50 hivi, ukubwa ambao haukuwezekana kabla ya mafundi wa Baghdad kuweza kutengeneza karatasi pana kiasi hicho bila kuchanika.

Nyuma yake alikuwepo waziri wake, Rashid al-Din, tabibu na mwanahistoria mzaliwa wa Hamadan. Mtaa wake wa wakfu nje ya Tabriz, Rab'-i Rashidi, ulikuwa na hospitali, msikiti na wanakili wa kudumu, na hati ya wakfu ya mwaka 1309 iliagiza kila mwaka unakiliwe msahafu mmoja na kitabu kimoja cha hadithi, kwa karatasi nzuri ya Baghdad na mwandiko mzuri, kisha vipelekwe kwenye miji ya dola. Kwa maneno mengine, uzuri uliwekewa bajeti. Mwaka 1318 Rashid al-Din aliuawa kwa shutuma za kumpa sumu Öljeitü, na mtaa wake ukaporwa.

Msahafu wa Hamadan ulikamilika 1313, kwa mkono wa Abdallah ibn Muhammad ibn Mahmud al-Hamadani, nao una safari ya ajabu. Mwaka 1326 ulikuwa tayari Cairo, ukiwekwa wakfu na amiri Baktimur kwenye khanka yake, makao ya masufi, huko Qarafa, mtaa wa makaburi wa Cairo. Wamamluki wa Misri na Wamongolia wa Iran walikuwa wamepigana miongo mingi, wakapatana mwaka 1323. Yaelekea ulifika kama zawadi wakati wa suluhu hiyo. Athari yake iko wazi: kurasa za nyota za misahafu ya Misri zilizofuata zimejifunza mengi kutoka kwake.

Wanawake wa kifalme nao walishiriki, kwa njia ya wakfu hasa. Tashi Khatun, mama wa mtawala wa Shiraz Abu Ishaq Inju, aliagiza msahafu wa juzuu thelathini kwa Yahya al-Sufi, ukaandikwa 1344 hadi 1346, akauweka wakfu kwenye ziara ya Shah-i Chiragh, kaburi linalozuriwa mjini humo. Tuna shahidi wa macho wa bibi huyu: Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Anaeleza alivyokuwa akija kwenye ziara hiyo kila usiku wa kuamkia Jumatatu, makadhi na wasomaji wakikusanyika na Qur'ani ikisomwa kwa sauti nzuri. Hayo ndiyo mazingira ya vitabu hivi. Kwenye kabati la makumbusho huwa kimya. Viliandikwa kwa ajili ya sauti.

Karne iliyofuata, chini ya Timur, mtekaji aliyetawala kutoka Samarkand, na wanawe, ukubwa ulivuka mpaka. Kadhi Ahmad, aliyeandika habari za mabingwa wa khati mwanzoni mwa karne ya 17, anasimulia kuhusu Umar Aqta', mtu asiye na mkono wa kulia, aliyemletea Timur msahafu mdogo wa kuingia chini ya jiwe la pete. Timur hakuvutiwa. Umar akaenda akaandika mwingine, mkubwa kiasi cha kubebwa kwa mkokoteni, na mfalme akatoka nje kumpokea. Kurasa za msahafu mmoja wa Samarkand zenye kimo cha sentimita 177 na upana wa 101, mistari saba, upande mmoja tu wa karatasi, zipo hadi leo. Kwa muda mrefu zilisemwa kuwa za Baysunghur, mjukuu wa Timur; wataalamu wengi sasa wanazirudisha kwa Umar na kwa mwaka 1400 hivi. Marufaa yake ya mawe bado yako uani kwenye msikiti wa Bibi Khanum. Mjukuu mwingine, Ibrahim Sultan, gavana wa Shiraz, hakuagiza tu bali aliandika kwa mkono wake. Msahafu wake wa 1427 uko New York, kwenye makumbusho ya Metropolitan. Na nakshi zikabadilika: nyota na pembe zikapungua, yakaingia maua ya yungiyungi yenye asili ya China, buluu na dhahabu zikitawala kila kitu.

Pwani yetu ina misahafu yake, ile ya Siyu katika kisiwa cha Pate ya karne ya 18 na 19, yenye nyekundu, nyeusi na manjano mahali ambapo Tabriz ingeweka dhahabu. Siyo wajukuu wa Tabriz. Ina ndugu zake kuizunguka Bahari ya Hindi. Lakini alama za pambizoni zinafanya kazi zile zile, na maneno ya wakfu yameandikwa humo vilevile.

Wakfu ndio unaoeleza kwa nini vingine vimebaki na vingine vimetawanyika. Msahafu wa Hamadan bado uko Cairo, Dar al-Kutub, maktaba ya taifa, juzuu zote thelathini, kwa sababu wakfu hauuzwi. Linganisha na msahafu mmoja mashuhuri wa Iran au Asia ya Kati wa mwaka 1180 hivi, ambao wafanyabiashara wa sanaa waliuita wa Kikarmati bila uhusiano wowote uliothibitishwa na Wakarmati, kundi la Kishia la zamani. Kila ukurasa wake una mistari minne ya ule mtindo mpya, juu ya usuli uliojazwa matawi na majani. Zama za soko la sanaa la Ulaya na Marekani ulivunjwa, kwa sababu karatasi mia zinazouzwa moja moja huleta fedha nyingi kuliko kitabu kimoja. Tamati yake haijulikani ilipo, kwa hiyo jina la mwandishi, la mji na la aliyelipa vimepotea pamoja nayo, na tarehe yake hukisiwa kwa kulinganisha na misahafu mingine. Karatasi zake ziko kwenye makumbusho ya mabara kadhaa, na nyingine huonekana bado kwenye minada, zikiwa na bei chini yake na namba ya bidhaa.